UZI: Picha za kale za hospitali za wagonjwa wa akili zinazozunguka WhatsApp, tuzitazame kwa jicho gani?

MchapajiWaNasser

Wanajukwaa, salaam.

Wengi wenu mmeshaziona. Zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kampala, na nasikia zimefika mpaka Arua: mwanamke wa Kizungu nywele zimemsimama, mzee kabanwa kwenye kiti, msichana wa gauni jeupe kainua mikono kitandani. Mtu kazibandika maneno "nyumba ya mashetani" na kuziwekea muziki wa kutisha. Kundi moja wameshaamua kwamba hiyo ni Butabika ya zamani, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili hapa Kampala. Si Butabika. Ni picha za Ulaya za karne ya 19, na nyingi historia yake inajulikana. Kazi yangu ni kuskani na kuchapa upya picha za zamani pale Nasser Road, na hizi nimezifuatilia kwa miaka. Nitaandika kirefu, mnivumilie, kwa sababu inaniuma kuona mtu aliyeugua anafanywa kitisho cha watoto zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake.

Aliyefungua njia ni daktari Mwingereza, Hugh Welch Diamond. Kuanzia 1848 mpaka 1858 alisimamia upande wa wanawake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey, karibu na London. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer, mtu waliyefahamiana naye vizuri, alitangaza njia mpya ya kupiga picha juu ya kioo, na Diamond hakukawia kuiingiza wodini. Mwaka 1856 alisoma makala mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, akataja faida tatu: daktari atausoma ugonjwa usoni mwa mgonjwa, mgonjwa atapata nafuu akijiona mwenyewe kwenye picha, na hospitali itakuwa na kumbukumbu ya kumtambua akirudishwa. Hiyo ya tatu bado ipo kwenye mafaili mpaka leo. Ya kwanza ndiyo iliyoleta balaa, maana iliwazoesha watu kuamini kwamba kuugua akili kuna sura yake.

Sasa fikirieni kazi yenyewe ilivyokuwa. Kioo kinapakwa kolodioni, yaani maji mazito ya kunata, kinazamishwa kwenye maji ya nitrati ya fedha, kinaingizwa kwenye kamera kikiwa kibichi, na lazima kisafishwe kabla hakijakauka. Yote hayo ni dakika chache tu, na chumba cha giza kiwe jirani. Mtu wa kupigwa anakaa tuli kwa sekunde kadhaa. Ukipepesa kichwa unatoka ukungu. Ndiyo maana kwenye picha za mwanzo hutaona mtu anacheka, anafua au anamkimbilia mwenzake. Utulivu mnaouona pale, ule mkazo wa macho ambao watu wanauita "macho ya kichaa", sehemu kubwa ni amri ya kamera. Tafuta picha ya harusi ya wakati huohuo, bwana na bibi harusi wana macho yaleyale.

Diamond mwenyewe alijua kupanga. Mgonjwa mmoja alimvisha shela na taji la majani akamkalisha kama Ophelia, yule binti aliyerukwa na akili kwenye tamthilia ya Shakespeare. Kuna nyingine ya takriban 1855, leo ipo Makumbusho ya Getty huko Marekani: mwanamke amekaa, kashika ndege mikononi. Mimi ile picha nimeikuza kwenye skrini nikaacha uso, nikaangalia mikono. Mikono inamjali yule ndege. Jina la daktari limebaki, la kwake halipo pale. Je, ndege alikuwa wake, au alipewa ashike? Hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza kwa kila picha ya aina hii: nani kamweka huyu mtu hapa, na kwa faida ya nani?

Huyo wa nywele zilizosimama anatoka ukoo wa picha za hospitali ya akili ya Wakefield, kaskazini mwa Uingereza. Daktari wa hapo, James Crichton-Browne, alikuwa akimtumia Charles Darwin picha za wagonjwa, na Darwin katika kitabu chake cha 1872 kuhusu jinsi hisia zinavyojionyesha mwilini akaweka mchoro wa mwanamke mmoja, ili kuonyesha nywele zake tu. Na yule msichana kitandani ni Augustine, wa hospitali ya Salpêtrière, Paris. Aliingizwa mwaka 1875 akiwa na miaka 14. Profesa Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wa histeria mbele ya hadhira, na wenzake Bourneville na Regnard wakatoa majuzuu ya picha kati ya 1876 na 1880. Augustine ndiye waliyempenda kuliko wote mbele ya kamera. Mwaka 1880 alivaa nguo za kiume, akatoka getini, akatoweka. Hakuna aliyempiga picha siku hiyo, nami nashukuru kwa hilo.

Nitaendelea na zile ninazozipenda zaidi, za maisha ya kila siku. Naona kuna mtu anaandika.

NesiMstaafu_Jinja

Mwanangu Mchapaji, umenigusa. Mimi nimekuwa nesi wa wagonjwa wa akili miaka mingi, sitataja wapi. Naomba niongeze la upande wa wodini.

Ile picha ya kwenye faili, usiichukie. Polisi wanakuletea mtu wamemwokota barabarani, hana kitambulisho, hasemi, au anasema lugha ambayo zamu nzima hakuna anayeijua. Unampa jina la muda. Akitoroka, utamweleza vipi kwa polisi? Ndugu zake wakija baada ya miezi na kumtaja kwa jina lake halisi, utamjuaje? Picha ndiyo inayomrudisha nyumbani. Nimeshuhudia mama akipitishiwa picha moja moja, akafika kwa mwanawe akapiga kelele mpaka wodi nzima ikanyamaza. Kwa hiyo picha ni dawa pia, ikikaa mahali pake, na mahali pake ni ndani ya jalada.

La pili, umesema utulivu wa picha za zamani ni amri ya kamera. Kweli. Lakini ukifika miaka ya 1950 kamera ni ya haraka na bado unawaona wagonjwa wamekauka, uso hauna dalili yoyote, mikono imeganda mbele. Hapo usimsingizie kamera wala ugonjwa. Ni dawa. Klorpromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, sisi tuliijua kwa jina la Largactil. Iliokoa watu wengi, nilikuwa naona mtu aliyeletwa amefungwa kamba baada ya wiki chache anakula mwenyewe na kuulizia watoto wake. Lakini inakaza misuli. Mtu anatembea kwa hatua fupi, mikono haiyumbi, mate yanamtoka, uso kama umefunikwa. Tulikuwa tunampa Artane kulegeza. Anayeona picha anasema "tazama kichaa alivyo". Hapana, tazama dozi ilivyokuwa.

MchapajiWaNasser

Shikamoo mama. Hilo la Largactil sikuwahi kuliunganisha na picha, na ninazo kadhaa za miaka hiyo zinazolingana na maelezo yako neno kwa neno. Asante sana.

Naendelea. Picha ya kwanza ya mgonjwa akifanya shughuli zake ambayo naweza kuitaja bila wasiwasi ni ya mchoraji Richard Dadd. Alimuua baba yake mwaka 1843 akiwa mgonjwa, akawekwa Bethlem, hospitali ya akili ya London, mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1850 mpiga picha Henry Hering alipiga wagonjwa wengi wa Bethlem, baadhi yao mara mbili, wakiwa wagonjwa na wakiwa wamepona. Dadd yeye alimpiga akiwa kazini: amekaa mbele ya mchoro wake wa umbo la yai, rangi mkononi, kageuka kidogo kama mtu aliyekatizwa. Usipoambiwa hutajua yuko wapi. Ni fundi na kazi yake.

Baadaye mambo yalibadilika kwa sababu ya kemia. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox, naye daktari, alieleza kioo kikavu cha jelatini. Hukuhitaji tena chumba cha giza pembeni, na muda wa kupiga ukapungua mpaka chini ya sekunde. Mwaka 1888 George Eastman akaleta kamera ya Kodak ya kushika mkononi. Hapo ndipo kamera ilipoweza kutoka kwenye kiti cha daktari ikaingia jikoni, kwenye dobi, bustanini. Hospitali za Uingereza wakati ule zilikuwa mji mzima: shamba, ng'ombe, tanuri la mikate, chumba cha ushonaji. Wanaume walilima, wanawake walifua na kushona, na wakubwa waliamini kazi ni tiba. Basi unaona safu za wanawake wenye aproni mbele ya mapipa ya kufulia, wanaume na majembe, ukumbi umepambwa kwa ajili ya dansi.

Zipendeni hizo, lakini kwa tahadhari. Nyingi zilipigwa kwa ajili ya ripoti na wageni. Sakafu imepigwa deki, vitanda vimetandikwa, dirisha lina ua. Wodi ya waliofungiwa haimo. Mimi huwa naangalia pembeni mwa picha: funguo kiunoni mwa mhudumu, urefu wa ukuta, dirisha linafunguka kiasi gani, nani ana viatu na nani hana. Katikati ya picha mwenye hospitali kakupangia, pembeni kajisahau.

Jambo moja zuri ambalo watu hawalijui: Philadelphia, Marekani, daktari Thomas Kirkbride alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wake picha jioni kwa taa ya kuonyeshea ukutani. Ndugu wawili wapiga picha, akina Langenheim, walishirikiana naye katikati ya karne ya 19. Wagonjwa wakakaa ukumbini kutazama miji ya mbali. Kwa mara moja wao ndio watazamaji.

MtuWaTanga_Kla

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kampala, niongezee la kwetu. Watu wanadhani mambo haya yalikuwa ya Ulaya tu. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamishenari wa Kijerumani wa Betheli walikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Ipo mpaka leo, na wagonjwa wanafanya kazi za shamba, wanalima chai. Nairobi ikafuata mwaka 1910, ndiyo Mathari ya sasa. Dodoma wakajenga Mirembe mwaka 1927.

Picha za wamishenari zilikuwa na mteja wake: mfadhili wa Ulaya aliyetakiwa atoe sadaka. Kwa hiyo mgonjwa anaonyeshwa mnyonge au anaonyeshwa amepona na jembe mkononi, katikati hapana. Ile siku ya kawaida ambayo mtu si mnyonge wala hajapona, anasubiri uji tu, haikuwa na soko.

Swali langu: Uganda je? Mbona hatuoni za hapa?

MchapajiWaNasser

Kaka, swali zuri.

Tuanze na majengo. Miaka ya 1920 wagonjwa wa akili Uganda walikuwa wakiwekwa gereza la Hoima. Miaka ya 1930 ikajengwa hospitali yao Mulago. Mwaka 1955 ikafunguliwa Butabika, mashariki mwa mji, upande wa ziwani. Tazama mwendo huo: gereza, halafu kilima cha mji, halafu nje ya mji. Gerezani nani angeleta kamera, na kwa nini? Aliyekuwa na kamera miaka hiyo alikuwa daktari, mmishenari, ofisa wa serikali au mwenye studio, mara nyingi Mgoa au Mhindi. Mwenye studio anapiga anayelipa. Ndugu gani angelipa apigiwe picha mtu wake pale?

Lakini picha za wagonjwa wa Uganda zipo za mapema zaidi ya hizo, ila ziko chini ya jina la ugonjwa mwingine. Mwaka 1901 madaktari ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, waliripoti wagonjwa wa malale. Yaliyofuata Busoga, Buganda na visiwa vya Ssese mnayajua kwa wazee, watu zaidi ya laki mbili walikufa. Tume ya Royal Society ikaja Entebbe mwaka 1902, na kamera ikaja na wanasayansi. Malale ikifika kwenye ubongo mtu anachanganyikiwa, anapiga watu, anacheka ovyo, analala katikati ya sentensi. Wengi walichukuliwa kuwa wamerukwa na akili. Ukitazama picha za kambi za malale unaona watu hao wamekalishwa chini, wengine wameshikwa shingo ili wasianguke mbele ya lenzi. Nyuma yao ndiyo kuna maisha: chungu juu ya mafiga, mtoto kasimama mlangoni, mkeka umeanikwa. Mpiga picha hakuvitaka hivyo. Sisi ndio tunaovitaka.

Halafu kuna kipindi cha baadaye. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha kutoka kwenye makumi ya maelfu ya negativi za wapiga picha wa serikali ya Amin, zilizokutwa kwenye kabati UBC, shirika la utangazaji la taifa. Somo nililotoka nalo pale ni moja: kabati likifungwa si kwamba hakuna kitu ndani. Na mradi wa History in Progress Uganda tangu 2011 umekuwa ukikusanya picha za majumbani mwa watu. Naamini picha za hospitali zetu nyingi ziko kwenye masanduku ya familia za manesi, makarani na wagonjwa wenyewe.

Wakili_Mbale

Nimesoma yote, na kuna sehemu sikubaliani. Unataka tufiche. Historia inasema picha za kutisha ndizo zilizosaidia. Wakati wa Vita vya Pili, Wamarekani waliokataa kupigana kwa sababu ya imani walipelekwa kuhudumia hospitali za wagonjwa wa akili. Mmoja wao, Charles Lord, alipiga picha kwa siri Byberry, Philadelphia: wanaume uchi wamejazana kwenye sakafu ya saruji. Jarida la Life likazitoa Mei 1946 na nchi nzima ikashtuka. Italia vilevile: mwaka 1969 daktari wa akili Franco Basaglia na mkewe Franca walitoa kitabu chenye picha za Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin, na mwaka 1978 ikapita sheria ya kufunga hospitali zile. Kama wangejali staha peke yake, wale watu wangekufia pale sakafuni. Sisi Uganda tumekaa na sheria ya wagonjwa wa akili ya 1964 mpaka ilipokuja mpya ya 2018. Nani anajua, labda tungekuwa na picha tusingesubiri kiasi hicho.

MchapajiWaNasser

Wakili, hoja yako ina uzito, na picha za Lord sitaki zifungiwe. Lakini angalia alichokifanya. Alikuwa mhudumu wa pale pale, anawaogesha watu hao, anawalisha. Alipiga chumba, alipiga msongamano, alipiga uhaba wa nguo. Aliyeshtakiwa kwenye picha zake ni serikali ya jimbo. Kwenye hii video ya WhatsApp anayeshtakiwa ni mgonjwa. Picha inaweza kuwa ileile, kinachobadilika ni kidole kinamnyooshea nani.

Na hata kwa Byberry sijaridhika moja kwa moja. Wale waliokuwa uchi walikuwa na watoto na wajukuu. Mimi nikiwa mjukuu, nisingependa kumkuta babu yangu hivyo kwenye simu ya jirani.

Wakili_Mbale

Mjukuu mwingine angesema: mwonyesheni, dunia ijue alichofanyiwa. Hilo huwezi kuliamua wewe kwa niaba ya familia zote.

Kisheria hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari za pekee, huzishiki wala kuzitumia hivi hivi. Anayesambaza picha ya mgonjwa aliye hai anayetambulika, ajue hilo. Uingereza mafaili ya wagonjwa kwa kawaida yanafungwa miaka 100. Miaka mia naiona mingi, lakini angalau kuna mstari.

NesiMstaafu_Jinja

Wanangu, mimi siwezi kuamua baina yenu, lakini nieleze siku ilivyokuwa, maana picha za kutisha na picha za ripoti zote haziionyeshi.

Saa kumi na mbili asubuhi tunahesabu. Kisha kuoga, halafu uji. Vijiko ni vya kuhesabiwa, kisu hakuna. Foleni ya dawa, mtu anakunywa mbele yako na anafungua mdomo umwone. Baada ya hapo wenye nguvu wanakwenda kufyeka nyasi, wengine jikoni kuchambua maharagwe. Wanawake wanasukana. Hilo la kusukana ningetamani lingepigwa picha. Mgonjwa ambaye hajasema neno tangu aje, anakaa chini, anamwachia mwenzake kichwa, na vidole vya yule mwenzake, ambaye jana alikuwa anapiga ukuta, vinapita taratibu mstari hadi mstari. Sisi manesi tulikuwa tunajua nani anakaribia kupona kwa kuangalia nani anasuka vizuri. Wanaume wana mweso, yaani bao, na kuna mmoja hakuwahi kushindwa na daktari yeyote. Mchana posho, yaani ugali, na maharagwe. Jumapili kuna ngoma, wa kanisani na wa msikitini wanakuja kusali nao. Jioni tunahesabu tena.

Vurugu zilikuwepo, na siku mbaya zilikuwepo. Lakini saa nyingi zilikuwa za hivyo.

BintKisenyi

Samahani kwa kuingilia, nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina picha. Ilikuwa kwenye Kurani ya marehemu bibi, imekunjwa mara moja katikati. Wanaume wanne chini ya mwembe, mashati yamefanana. Mmoja amekaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, kitambaa kirefu kimeshuka mpaka chini. Huyo ni babu. Babu tulimjua fundi cherehani maarufu, na tuliambiwa ile miaka ya 1960 ambayo hakuwepo nyumbani alikuwa "kazini". Juzi shangazi kanong'oneza kwamba alikuwa hospitali ya akili. Sijui niifanyeje hii picha. Mama hataki hata kuisikia.

NesiMstaafu_Jinja

Mwanangu, pole, na usione aibu. Cherehani zilikuwepo kwa kazi. Wagonjwa walishona nguo za wodini, mashuka, hata mapazia. Kitambaa kirefu kinachoshuka chini kama ulivyoeleza, kuna uwezekano ni shuka linapindwa. Wasiojua walifundishwa, waliojua walipewa wanafunzi. Hao watatu waliosimama wanatazama wapi, kamera au cherehani?

BintKisenyi

Wawili kamera. Mmoja anatazama mikono ya babu.

NesiMstaafu_Jinja

Huyo huenda ni mwanafunzi wake. Muulize shangazi kama babu aliijua cherehani kabla hajaondoka nyumbani.

BintKisenyi

Nimempigia sasa hivi. Anasema hapana, kabla ya hapo alikuwa anabeba mizigo sokoni. Cherehani alirudi nayo kichwani, ujuzi yaani, na ya kwake alinunua baada ya mwaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza alijifunzia wapi.

MchapajiWaNasser

Dada, asante kwa kutuamini. Ya kufanya:

Usiipeleke kwa wa laminesheni. Wengi wanadhani wanaihifadhi, kumbe plastiki na ule moto vinaibana picha milele na huwezi kuitoa tena. Usijaribu kuinyoosha mkunjo kwa pasi wala kuibandika gundi ya uwazi. Ishike pembeni, iweke kwenye bahasha ya karatasi, isiwe ya plastiki, mbali na jua na unyevu. Iskaniwe pande zote mbili, mbele na nyuma, angalau nukta 600 kwa inchi, maana nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio au mwandiko wa kalamu ya risasi. Kwa simu ukipiga, usitumie flashi, kaa dirishani. Na kama kuna negativi kwenye hayo masanduku na zinanuka siki, zitenge na nyingine leo hii, zile zinaoza na zinaambukiza za jirani.

Kuhusu kuiweka hadharani: usiiweke hapa. Wale watatu wengine wana familia pia, na hawajaulizwa. Andika majina unayoyajua na aliyoyasema shangazi kwenye karatasi, tarehe ya leo, weka pamoja na picha. Mama akiwa tayari, umwonyeshe ya babu peke yake, tunaweza kukata nakala ikabaki yeye na cherehani tu, ile halisi isiguswe.

Wakili_Mbale

Hapa nakubaliana na Mchapaji asilimia mia. Na dada, jalada la babu yako kama lipo, familia inaweza kuandika barua kwa hospitali kuomba taarifa. Nitakusaidia kuiandika, bila malipo. Nitumie ujumbe wa faragha.

BintKisenyi

Nimekutumia, kaka. Mchapaji, kesho nitakuwa mjini, kibanda chako kiko upande gani wa Nasser Road? Nakuja na shangazi. Amesema kuna picha nyingine kwenye sanduku lake, ya babu akiwa kasimama na nesi, na anataka mama wa Jinja aione.

NesiMstaafu_Jinja

Iskanini, nitumieni mimi peke yangu. Manesi wa miaka hiyo nawafahamu kadhaa, na wawili bado wako hai.